Pasi ya reli Ulaya: ruhusa unayo, kiti huna

Siku niliyonunua pasi ya reli nilidhani nimemaliza kulipa. Zilikuwa pasi tatu za Eurail, daraja la pili, siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja: yangu, ya mke wangu, na ya binti yetu wa miaka 8, ambayo hutolewa bure. Nchi 33 za kuchagua. Nikafunga kompyuta, nikalala usingizi mzito. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipong'amua kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kupanda treni, na kwamba kiti ni habari nyingine kabisa.

Ninayoyaeleza hapa yanamhusu pia mwenye Interrail. Tofauti kubwa ni kwamba Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya na Interrail ni ya wakazi wa humo humo. Kwenye suala la siti wote tuko boti moja.

Njia yetu ilikuwa Amsterdam, Paris, Zurich, Vienna, Prague, Berlin, kisha Amsterdam tena.

Kwa mwenye pasi, treni za Ulaya ni za namna mbili. Kuna zile unazopanda tu: unaingia, unakaa palipo wazi, kondakta akipita unamwonyesha msimbo wa QR kwenye simu, yamekwisha. Treni nyingi za Uswisi, Uholanzi, Ubelgiji, Austria na Ujerumani ziko hivyo. Halafu kuna zile ambazo bila siti uliyoilipia kando, pasi yako ni pambo: treni za kasi kama TGV za Ufaransa, Eurostar, Frecciarossa za Italia, AVE za Uhispania, na karibu treni zote za kulala. Wala si jambo la jana. TGV ilipoanza safari kati ya Paris na Lyon mwaka 1981 ilikuja na sharti hilo, kila abiria na kiti chake. Interrail ilikuwa imezaliwa kabla yake, mwaka 1972, enzi ya kijana kubeba begi mgongoni na kudandia treni iliyo mbele yake. Treni zikabadilika. Pasi inaendelea kutangazwa kana kwamba kijana yule bado yupo.

Nilianza kutafuta siti za Amsterdam kwenda Paris siku 18 kabla ya safari, nikijiona nimewahi. Treni ya kasi ya moja kwa moja huchukua kama saa 3 na dakika 20. Tatizo ni kwamba wenye pasi hutengewa fungu dogo la siti ndani ya treni, na fungu hilo likiisha limeisha, hata kama tiketi za kawaida bado zinauzwa kwa bei ya kukutoa jasho. Siku yetu fungu lilibaki kwenye treni moja tu ya jioni, nayo ilikuwa na siti mbili. Sisi tuko watatu. Nilikaa nikiufungua upya ukurasa kila baada ya saa chache, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, mpaka mke wangu akanichukua simu.

Yeye ndiye aliyepata njia. Programu ya Rail Planner, ambayo ndiyo hubeba pasi yenyewe, ina kitufe cha kuficha treni zote zinazodai nafasi, yaani siti iliyobukiwa kabla. Ukikibonyeza, ramani ya Ulaya inabadilika mbele ya macho yako: miji iliyokuwa karibu inakuwa mbali, lakini hakuna mlango uliofungwa. Tukaondoka Amsterdam asubuhi kwa treni ya kawaida hadi Brussels, tukipitia Rotterdam na Antwerp, bila kulipa senti ya ziada. Kutoka Brussels tukabadilisha treni kuvuka mpaka hadi Lille. Pale Lille tulikuwa na chaguo: treni za mkoa ziitwazo TER kupitia Amiens, zisizodai nafasi, au TGV ya saa moja hadi Paris. Siti za TGV hiyo zilikuwepo, yuro 10 kila mmoja, tukalipa. Angalizo tu: Lille ina stesheni mbili zilizo karibu karibu, Lille Flandres na Lille Europe. Soma tiketi yako mara mbili kabla hujaanza kuburuta masanduku.

Tulifika Paris alasiri, tumechoka. Tulikuwa tumepoteza saa tatu au nne na kuokoa kama yuro 70. Ningekuwa peke yangu ningeifanya tena bila kufikiri. Na mtoto, sina uhakika.

Kosa langu hasa, ambalo siwezi kumsukumia mtu yeyote, lilikuwa la Paris kwenda Zurich. Hiyo ni TGV Lyria, saa 4 na ushei kutoka Gare de Lyon, stesheni ya hapo hapo Paris, nafasi ni lazima. Nilibuku siti mbili, yangu na ya mke wangu, nikafurahi kupata kiti cha dirishani. Siku tatu baadaye mke wangu akaniuliza, "Na huyu atakaa wapi?" Nikamjibu kwamba pasi ya mtoto ni bure.

"Pasi sawa. Kiti je?"

Nikarudi kwenye masharti. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 hupata pasi ya bure akiambatana na mtu mzima, lakini siti yake hulipiwa kama ya mwingine yeyote. Nikabuku ya tatu haraka haraka. Kwa kuwa ilikuwa oda mpya, mfumo haukujua kwamba ana wazazi, ukampeleka behewa jingine, ghorofa ya juu, sisi tukiwa ghorofa ya chini.

Siku ya safari nilimpeleka mwenyewe. Kwenye siti ya pembeni yake alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kitabu mapajani, mkoba ameuweka juu ya kile kiti cha binti yangu. Kifaransa changu huishia kwenye salamu, kwa hiyo nikazitandaza karatasi zote tatu mbele yake na kuanza kuelekeza kwa vidole: huyu hapa, mimi kule, mama yake kule chini. Nilikuwa bado kwenye kidole cha pili alipovua miwani, akafunga kitabu, akanyoosha mkono kuomba karatasi yenye namba ya siti yangu. Akashuka nayo. Mimi nikakaa juu na binti yangu, yeye akasafiri hadi Zurich pembeni ya mke wangu. Baadaye nilisikia kwamba walikula biskuti zetu zote.

Kondakta alipopita aliangalia vitu viwili kwa kila mtu, na hapa wengi hubabaika: msimbo wa pasi kwenye simu, na karatasi ya siti. Havijaunganishwa. Siti haijui kama una pasi, na pasi haijui kama una siti. Kwenye programu ni lazima wewe mwenyewe uiongeze safari ya siku hiyo, uiwashe, ndipo tiketi itokee. Kuna jamaa mbele yetu alikuwa na siti halali kabisa lakini safari yake hajaiwasha, na intaneti ikamgomea. Kondakta alimsubiri, ila alimsubiri akiwa amesimama juu ya kichwa chake.

Uswisi palikuwa pumziko. Siku moja nzima tulizunguka bila kubuku chochote: Zurich, Chur, St. Moritz, halafu tukapanda mlima kwa treni hadi stesheni ya Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Watu hulipia siti za Bernina Express, zile zenye madirisha yanayopinda hadi darini, na nafasi humo ni lazima. Treni za kawaida hupita reli ile ile, madaraja yale yale, barafu ile ile, na pasi inatosha. Juu ya hayo, baadhi ya madirisha yake hufunguka. Binti yangu alitoa mkono nje kukamata ubaridi, akaurudisha haraka.

Zurich kwenda Vienna tulichukua Nightjet, treni ya kulala. Hii ndiyo iliyokuwa gharama kubwa kuliko zote za nafasi, na ndiyo niliyoilipia kwa moyo mweupe. Tulichagua kushete, yaani chumba cha vitanda vya kukunja, chenye shuka, blanketi na kifungua kinywa kidogo cha mkate na kahawa. Uzuri wake kwa mwenye pasi uko kwenye hesabu ya siku: treni ikiondoka kabla ya saa sita usiku na hubadilishi treni nyingine baada ya hapo, inakula siku moja tu ya pasi, ile ya kuondoka. Tukalala Uswisi, tukaamka Austria, na usiku wa hoteli tukauokoa. Vitanda hivi ndivyo vya kubuku mapema kuliko kitu chochote, hata kabla ya kuamua miji mingine. Sisi tulibahatika kwa sababu mke wangu, ambaye hakuwahi kuniamini kwenye mambo ya siti, alikuwa ameshavibuku kimya kimya.

Vienna kwenda Prague nafasi ni ya hiari, na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jana, nikasema hatulipi. Tukaingia, tukapata meza ya watu wanne, safi kabisa. Juu ya siti kuna kiskrini kidogo. Mke wangu akakisoma: Brno hadi Praha, ndiyo Prague kwa Kicheki. Maana yake ni kwamba siti ile ni ya mtu atakayepandia Brno, na kutoka Vienna hadi hapo ni huru kwa yeyote. Tukakaa saa moja na nusu kama wafalme. Brno wakaja wenyewe, familia ya watu wanne, wakiwa wameshika karatasi zao, na hakukuwa na la kujadili. Treni ilikuwa imejaa. Tuliokolewa na behewa la chakula, ambako tuliagiza supu na kuinywa polepole kuliko supu yoyote niliyowahi kunywa. Siti za treni ile zingetugharimu kama yuro 3 kwa mtu.

Kwa hiyo jifunzeni kuvisoma viskrini hivyo. Kikiwa kitupu, kaa. Kikionyesha kipande cha njia ambacho humo, kaa. Ujerumani utakutana na maneno "ggf. freigeben": kaa, lakini mtu akija na karatasi yake, nyanyuka bila kununa.

Sasa kuhusu mahali pa kubuku, maana hapa ndipo hela hupotea kidogo kidogo. Tovuti ya wauza pasi wenyewe inabuku treni nyingi mahali pamoja, kwa ada ya yuro 2 kwa kila mtu kwa kila treni. Kwa TGV na treni nyingine zenye fungu la wenye pasi, nilitumia hiyo, au kaunta ya stesheni. Kwa Austria na Ujerumani sikuona sababu ya kulipa ada. Tovuti za mashirika ya reli ya huko hukuuzia siti peke yake bila tiketi. Ile ya Kijerumani huandika "Nur Sitzplatz", siti tu. Unachagua hata meza na dirisha kwenye mchoro wa behewa, na hakuna anayeuliza namba ya pasi. Kuna tovuti moja ya wakala, sitaitaja, ambayo kwa treni ile ile iliniwekea bei zaidi ya maradufu, ikaita tofauti hiyo "huduma". Niliifunga nikiwa bado na hasira.

Jambo jingine linalochanganya: ratiba ya Rail Planner inakuonyesha treni ipo, haikuonyeshi kama siti zipo. Nilipanga safari nzima humo, nikaipenda, halafu nikaanza kubuku. Nilipaswa kuanza upande wa pili: kutafuta kwanza siti za treni zenye masharti, zikipatikana ndipo nipange siku nyingine kuzizunguka. Na ukishabuku, siti ni ya treni hiyo tu. Ukichelewa kwa uzembe wako, unanunua nyingine.

Berlin kwenda Amsterdam ilikuwa Ijumaa, saa 6 hivi za safari, nafasi ya hiari. Baada ya supu ya Brno sikubishana. Nilibuku siti tatu katika oda moja, meza moja, na nikampa binti yangu karatasi aishike yeye. Tulikuta mabegi kwenye vijia na watu wamekaa chini milangoni. Yeye alitembea mbele akisoma namba kwa sauti, alipofika kwenye zetu akakuta kijana amelala na viatu juu ya kiti. Akamgusa bega, akamwonyesha karatasi.

Kwa jumla nafasi zilitugharimu zaidi ya yuro 250 sisi watatu, juu ya bei ya pasi. Pasi yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Utaratibu wa siti, mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule mama wa kitabu. Mwakani tunaifikiria Uhispania, ambako treni za kasi zinataka nafasi. Safari hii nimeshafungua daftari la bei za siti, na pasi bado sijainunua.