TAHADHARI: "Wakala" anayeuza vyumba vya majumba ya kale Mji Mkongwe. Nimelizwa mbele ya mama mkwe

Jamani, naandika hasira hazijapoa, mtanisamehe. Nimeingia mkenge. Mimi huyu huyu niliyemcheka shemeji mwaka mzima kwa kutuma hela "kwenye namba hii". Imeondoka laki tano na kumi na sita elfu, na hela si kitu. Kinachoniuma ni nani alikuwa amesimama pembeni yangu.

 Mjue tu kwamba mama mkwe ni mzaliwa wa Mkunazini, hajalala Mji Mkongwe tangu akiwa mwali, na kimbelembele kilikuwa changu: "Mama, safari hii hulali kwa watu. Unalala jumbani."

Tangazo lilikuwa la hoteli ya kweli, jumba la kale lililokarabatiwa, upande wa Shangani. Hoteli siitaji kwa sababu haina kosa, nayo imeibiwa picha zake. Mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba, kitanda cha besera na chandarua chake, roshani inayotazama bahari. Vyumba viwili, siku mbili, laki nne na themanini badala ya laki nane. Ofa inaisha kesho.

Sasa msinianze na "mtu mzima wewe uliaminije". Huyu kijana aliyejiita wakala alilijua lile jumba. Hakuandika andika kama matapeli wale wa "tuma kwa namba hii", alinitumia sauti, Kiunguja kitupu, taratibu, na nyuma unasikia adhana. Nilipomwuliza mbona chumba kwenye picha kinaonekana chembamba, akacheka: "Kaka'angu, nyumba hizi dari zake ni boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu kama unavotaka wewe, basi chumba hufata boriti." Nikamsikilizisha mama. Mama akatikisa kichwa, akasema huyo mtoto amelelewa na wazee. Kijana akaongeza kwamba kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na waliozikarabati hawakupiga saruji kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na ukuta unaoza. Tena mama akasema ni kweli! Mlitaka mimi wa Kigamboni nishuku nini hapo?

Nikatuma nusu. Voucha ikaja, ina nembo, ina muhuri, majina yetu yote yameandikwa sawasawa. Kesho yake akasema nikimaliza deni siku hiyo hiyo mama anapewa chumba cha juu chenye roshani, bila nyongeza. Nikamaliza. Kisha ikaja "ada ya serikali", elfu thelathini na sita. Hapo nilisita kidogo, wallahi nilisita, lakini ukishatoa laki nne na themanini utagombania elfu thelathini na sita?

Tumeshuka kwenye boti pale Malindi saa sita na nusu, jua la utosi. Aliahidi kutupokea na karatasi yenye jina la mama. Hayupo. Simu inaita, haipokelewi. Baada ya robo saa ujumbe: "Kaka samahani nipo msibani, tangulieni, mapokezi wana taarifa." Nani anabishana na mtu aliye msibani? Nikampa pole. NIKAMPA POLE, jamani!

Mama alikataa gari, akataka atembee. Tumepita mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, mabati ya mafundi yameizunguka, akasimama pale akitazama juu hata nikaogopa jua. Hakusema kitu. Tukaingia vichochoroni, yeye mbele, mimi na begi nyuma, anapita kona bila kuuliza mtu. Mlango wa hoteli alianza kuushika kabla hata sijafika. Anapapasa ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu, ananionesha samaki, ananionesha waridi. Ana furaha kama mtoto wa sikukuu.

Binti wa mapokezi alikuwa na mtandio wa kijani. Nikamwambia kwa madaha, "Tuna vyumba viwili, cha mama ni cha juu." Akafungua kompyuta. Akaniomba nitaje jina tena. Akaomba voucha, nikampa simu. Akaisoma, akaikuza kwa vidole viwili pale penye muhuri, akanitazama, akamtazama mama, akarudi kwenye simu. Halafu akamgeukia mwenzake na kusema kwa sauti ya chini, maneno mawili tu: "Mwengine huyo."

Nililipata tumboni lile neno. Mama naye alisikia. Mtu wa umri wake haachi kusikia neno kama lile.

Binti, Mungu ambariki, hakunidhalilisha. Alimletea mama kiti na juisi ya ukwaju, akanivuta pembeni akasema mimi ni wa tatu mwezi huu. Nikauliza bei halisi, kwa kujikaza tu, huenda nikaokoa jahazi. Nilipotajiwa nilianza kukohoa. Nikawa nasimama pale nabonyeza simu kama vile kuna mtu nampigia, jasho linanitoka, na feni inazunguka juu yangu.

Mama akamaliza juisi yake, akarudisha glasi, akashukuru. "Basi baba, usijitie adha. Twende Michenzani kwa mdogo wangu." Michenzani, yale maghorofa, ghorofa ya nne, ngazi, na magoti yake mnayajua. Kila baada ya ngazi kumi anapumzika na kunifariji MIMI.

Huyu kijana nikimtia mkononi sitaki fidia. Nataka apelekwe Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya Zanzibar, kozi ndefu, na kila Jumamosi apandishwe zile ngazi na magunia ya mchele mgongoni, mbele ya wazee wote aliowalaza kwa watu. Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, sasa ipo kwa ajili ya nani? Kumtapeli kijana mwenzio ni dhambi, lakini bibi aliyekuja kuiona nyumba yake? Alaaniwe.

Haya, mnaouliza dalili. Jina lililotokea nilipotuma hela halikuwa la hoteli wala lake, lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu. Alinikataza kupiga mapokezi, eti wakijua ofa watadai kamisheni. Na ile video ya roshani aliyosema "nimeipiga jana"? Usiku ule Michenzani mama aliitazama mara moja tu akaniuliza, "Baba, mbona hapa mnara wa Beit el Ajaib umesimama?" Ule mnara ulianguka Desemba 25, 2020. Video ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa mwisho, na nimeitazama mara ishirini.

Ujumbe wake nimeutuma 15040, namba ya kuripoti matapeli, polisi nimeandikisha, RB (namba ya ripoti) ninayo. Namba siiweki hapa kwa sababu ameshabadilisha mara mbili, anayeitaka anifuate inbox. Jana usiku nimechungulia kwa simu ya mdogo wangu, kwangu ameshanifungia. Tangazo bado lipo, ofa bado inaisha kesho. Kama una safari ya Unguja na kuna mtu "amekupatia chumba", nipigie kabla hujatuma hata mia.