Kalkuleta ya shilingi 28,000 na mabano yake

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu hapa Wete, akataka kalkuleta ya sayansi. Nikaipata Chake Chake kwa shilingi 28,000, duka la vifaa vya skuli. Muuzaji, kunionesha kuwa vitufe ni vizima, akabonyeza vyote kwa mpangilio: 1234567890. "Umeona, mzee wangu? Hakuna kilichogoma." Nikamwambia asifute.

Nimesomesha hisabati miaka mingi, na kitufe nilichokitaka khasa ni FACT, kinachovunja namba nzima kuwa vigawo tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Unabonyeza =, halafu SHIFT, halafu FACT. Ikaja: 2 × 3² × 5 × (13717421). Huko mwanzo hakuhitaji mashine. Namba inaishia na 0, basi 2 na 5 zimo; tarakimu zake ukizijumlisha unapata 45, basi 9 imo. Lakini yale mabano?

"Babu, hiyo ni tasa, imekataa kuvunjika," mjukuu akasema nyumbani, na mie nilikaribia kukubali. Kijitabu cha kalkuleta hakina Kiswahili na maandishi yake yanataka miwani miwili. Nilikisoma hivyo hivyo: mashine hujaribu namba tasa zisizozidi tarakimu tatu, mwisho 997. Mabano maana yake imechoka, siyo kwamba kilichomo ni tasa.

Nikageuza risiti, nikatumia njia ya Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17: unatafuta mraba ambao ukiutoa namba yako, kinachobaki nacho ni mraba, kwa sababu a² − b² ni (a − b) mara (a + b). Kipeuo cha pili cha 13717421 ni 3703 na ushei. Nikaanza na 3704: mraba wake ukitoa namba yetu inabaki 2195, ambayo si mraba. Nikapanda 3705: mraba wake ni 13727025, inabaki 9604. Hapo nilicheka peke yangu barazani, maana 9604 ni 98 mara 98. Basi vigawo ni 3705 − 98 na 3705 + 98, yaani 3607 na 3803. Nikavirudisha kwenye FACT kimoja kimoja, vikatoka kama vilivyoingia, bila mabano. Tasa vyote viwili. (Bahati ilikuwepo: vigawo vikiwa vimeachana sana, njia hii hukukesheza.) Kwa hiyo vigawo vyote vya ile namba ya muuzaji, pamoja na 1 na yenyewe, ni 48.

Mengine ni mazuri. Inatumia mwanga na betri, kifuniko kigumu, vitufe havikwami. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa yale mabano, maana mtoto akiwa peke yake atadanganyika.

Ukitaka kuijaribu yako hapo hapo dukani, ingiza 4104676. Ikikupa 2² × (1026169), ni ya aina hii hii: hiyo ya ndani ni 1013 mara 1013.