Waya wa Kutengenezea Vito vya Shanga: Upi Ununue Kwanza na Upi Uuache Dukani

Anayeanza kujitengenezea hereni na bangili nyumbani kwa kawaida hununua shanga kwanza, kwa sababu ndizo zinazong'aa dukani, na waya huuchukua mwishoni, wowote ule atakaopewa. Matokeo yake huonekana wiki ile ile: waya haupiti kwenye tundu la ushanga, au unapita lakini unalegea kama uzi, au hereni iliyopendeza Jumamosi inakuwa imekwisha kushika kutu Jumatano. Katika mwongozo huu nimezipanga nyaya zinazopatikana katika masoko yetu kuanzia ule ambao ningemshauri mwanafunzi aununue kwanza hadi ule ambao ningemwomba auache, nikitazama mambo matatu: kama waya unashika umbo ukishakunjwa, unavyokuwa ukikutana na jasho na hewa ya chumvi, na kama utaupata tena wa unene ule ule ukirudi dukani mwezi ujao. Bei nimeiweka nyuma ya hayo yote, maana kazi hii hula waya kidogo mno, kama hesabu zitakavyoonyesha.

Kabla ya madini tuzungumzie unene, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Nyaya huuzwa kwa geji, na namba ya geji ikipanda waya unazidi kuwa mwembamba. Tatizo ni kwamba ipo geji ya Uingereza na ipo ya Marekani, nazo hazilingani. Waya wa geji 20 ya Uingereza una unene wa milimita 0.91, ilhali wa geji 20 ya Marekani una milimita 0.81, geji 24 ni milimita 0.56 kwa Waingereza na 0.51 kwa Wamarekani. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye tundu la ushanga ndiyo inayoamua kama kazi itaendelea au itaishia hapo, na ndiyo maana ni heri umwambie muuzaji unataka milimita ngapi kuliko kumtajia geji. Kwa kuanzia unahitaji unene wa aina mbili tu: milimita 0.8 kwa kulabu za hereni, vifungo na viunzi, na milimita 0.4 au 0.5 kwa kuzungushia na kupitisha katika shanga ndogo.

Shanga nazo zina mtego kama huo. Zile za kioo zinazotoka Jamhuri ya Cheki, katika eneo la Jablonec nad Nisou, ambazo wasukaji wengi wa Kimasai na Kisamburu huzipenda kwa sababu zinalingana, hupimwa kwa namba zinazokwenda kinyumenyume: namba 11 ina upana wa karibu milimita 2, namba 8 karibu milimita 3, na namba 6 karibu milimita 4. Ushanga wa namba 11 ukihitaji kupitishwa waya mara mbili, waya wa milimita 0.8 hautakubali hata ukiubembeleza. Beba shanga zako nne au tano mfukoni, uzijaribu kwenye waya palepale kaunta kabla hujalipa. Muuzaji atakutazama kwa mshangao mara ya kwanza, mara ya pili atakuzoea.

Nafasi ya kwanza naipa shaba nyekundu, ile ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huiita kopa, na siipi kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake. Shaba hukunjika kwa vidole, kisha kadiri unavyoikunja ndivyo inavyozidi kukakamaa, kwa hiyo kitanzi ulichokizungusha vizuri hujikaza chenyewe na kubaki hivyo. Ukikosea na waya ukawa mgumu kabla hujamaliza, upashe moto mpaka uwe mwekundu hafifu, uuchovye kwenye maji, nao utarudi kuwa laini kama ulivyokuwa. Jambo hili huwashangaza waliozoea chuma cha kisu, ambacho kikifanyiwa hivyo huwa kigumu zaidi. Kwa mwanafunzi, ambaye kazi zake kumi za kwanza zitafumuliwa, hakuna waya mwingine unaosamehe namna hiyo.

Mahali pazuri pa kuipata ni kwenye maduka yanayowauzia mafundi wa kusuka mota. Waya wao ni mpya, umenyooka, unapatikana kwa unene mwingi tofauti, na umepakwa vanishi nyembamba inayouchelewesha kuwa mweusi. Vanishi hiyo ina rangi ya kahawia yenye wekundu au ya dhahabu iliyofifia, na ukiupenda mwonekano huo huna haja ya kuigusa. Usipoupenda, ikwangue kwa msasa laini, na ukitaka kuichoma basi chomea nje, maana moshi wake si wa kuvutwa. Waya huu huuzwa kwa uzito, na hapo ndipo mnunuzi mgeni hujikuta amebeba mzigo asioujua. Gramu 100 za shaba ya milimita 0.8 ni takriban mita 22, na gramu 100 za milimita 0.5 ni zaidi ya mita 55. Kulabu moja ya hereni hutumia sentimita tano hivi, kwa hiyo gramu 100 hizo za waya mnene zinakupa zaidi ya kulabu 400. Ukiambiwa kwamba kipimo cha chini ni kilo moja, nenda duka la pili, au mwombe fundi mwenyewe akupimie kidogo kutoka kwenye roli lake.

Njia nyingine ni nyaya za umeme wa nyumba, ambazo wengi wetu tuna vipande vyake vilivyobaki baada ya ujenzi. Hapa kuna kosa moja linalojirudia: waya ulioandikwa 1.5 hauna unene wa milimita 1.5, kwa kuwa namba hiyo ni eneo la mkato wake kwa milimita za mraba. Ukiwa ni wa uzi mmoja mzima, unene wake ni milimita 1.38, na ule wa 2.5 ni milimita 1.78. Hizo ni saizi za bangili na vikuku, si za shanga. Waya ninaoupenda zaidi ni ule wa mtandao wa kompyuta, ambao ndani yake mna nyuzi nane za karibu nusu milimita, kiasi kwamba mita moja iliyotupwa na fundi wa intaneti inakupa mita nane za waya wa kuzungushia. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, kwa sababu plastiki ya nyaya hutoa moshi wenye sumu. Kisha ukwangue waya kidogo na kuutazama: ukiona weupe chini ya wekundu, umepewa alumini iliyovikwa shaba, ambayo hukatika ukiikunja mara chache. Vilevile pita na sumaku ndogo; shaba halisi haishikwi na sumaku.

Shaba iliyokwisha kutumika inunue pale unapojua ilikotoka. Wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu umeleta hasara kubwa katika nchi zetu, na mnamo Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Bunda la waya uliochomwa plastiki yake, linalouzwa kwa bei ya kutupa na mtu asiye na duka, liache alipolitoa.

Kasoro ya shaba ni kwamba hubadilika rangi, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja hubadilika haraka. Alama ya kijani inayobaki kwenye ngozi hutoka kwa sabuni na haimdhuru mvaaji. Ndimu na chumvi hurudisha mng'ao kwa dakika moja, na ukwaju, ambao nyumba nyingi za pwani hutumia kusugulia masinia ya shaba, hufanya kazi hiyo hiyo; lakini usiichovye hereni nzima iwapo ina kombe za kauri, lulu au marijani, kwa sababu asidi ya ndimu huzila hizo na kuziacha na uso wa chaki.

Nafasi ya pili ni ya shaba ya manjano, yaani brasi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Bidhaa hii ina historia katika lugha yetu: misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba vitambaa, shanga na mizunguko ya waya mnene ulioitwa masango, na kwa vitu hivyo ililipia chakula na njia huko bara. Brasi ni ngumu kuliko shaba nyekundu na ina tabia ya kurudi nyuma kidogo baada ya kukunjwa, kama springi, jambo linaloifanya ifae sana kwa vifungo na bangili za wazi ila imchoshe anayejifunza vitanzi vidogo. Inunue baada ya miezi miwili mitatu ya mazoezi, katika unene wa milimita 0.8 na kuendelea. Iliyo nyembamba zaidi ya hapo sioni faida yake.

Ya tatu ni ile nyaya ya rangi inayouzwa ikiwa imezungushwa kwenye vipande vya plastiki, ambayo kiini chake ni shaba iliyopakwa fedha au rangi na kufunikwa vanishi. Kazi yake hupendeza tangu siku ya kwanza na haigeuki upesi, lakini meno ya plaizi huichubua, na pale kulabu inaposuguana na kitanzi wekundu hutokeza baada ya muda. Funga ncha za plaizi kwa utepe, na ujihadhari na seti za rangi kumi na mbili: utatumia mbili, na hizo zingine utazihamisha kutoka droo moja hadi nyingine kila unapofanya usafi.

Alumini naiweka ya nne. Ni nyepesi, uzito wake haufiki theluthi moja ya uzito wa shaba ya unene ule ule, haishiki kutu, na hereni kubwa ya duara iliyotengenezwa kwayo haivuti sikio. Ila ni laini mno, na ukiifanyia kulabu au kifungo kitafunguka njiani. Itumie kwa viunzi vinene na kwa kuwafundishia watoto.

Fedha halisi, iliyopigwa muhuri wa 925 kwa maana kwamba sehemu 925 katika kila 1,000 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, ningeiweka ya kwanza kama tungekuwa tunazungumzia kulabu za masikio peke yake. Nilipata somo hilo kwa binamu yangu, ambaye niliwahi kumpa hereni zenye kulabu za bei nafuu zilizopakwa rangi ya fedha. Masikio yake yalivimba kwa siku tatu. Nikeli ndiyo husababisha mzio wa namna hiyo kwa watu wengi, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo katika vito vinavyogusa ngozi. Nunua nusu mita ya fedha kwa ajili ya kulabu, kiasi kinachotosha jozi tano, au tafuta kulabu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, halafu hereni iliyobaki uitengeneze kwa shaba.

Wa mwisho ni waya wa chuma. Ule mweusi wa kufungia nondo uache kwa mafundi wa zege, kwa kuwa utashika kutu na kutia madoa shanga nyeupe. Ule uliopakwa zinki unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kwa kazi moja mpangilio wangu wote unapinduka: ukitaka kujaribu kola pana ya duara kama zile za akina mama wa Kimasai, ambamo safu za shanga husimama kwenye nyaya zinazotenganishwa na vipande vyembamba vya ngozi au plastiki, shaba nyekundu italala kifuani kama kitambaa kilicholowa, na ugumu wa chuma ndio unaoishikilia kola isimame. Kwa kola hiyo nunua waya wa zinki mpya, uufute mafuta, na usiukate kwa plaizi yako ndogo ya kukatia shaba. Tahadhari hiyo inahusu hasa waya mgumu uliokwisha kuzungushwa kama springi, unaouzwa kwa ajili ya bangili za mizunguko mingi: huo hutoboa meno ya plaizi kwa mkato mmoja tu, na baada ya hapo kila ncha ya shaba utakayoikata itatoka na kijino kinachokwaruza ngozi.