Kambi ya besiboli ya likizo kwa watoto, Kampala: uzoefu wangu kama mzazi

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya helmeti na kwa sababu ya bango lao la matangazo. Nitayafikia yote mawili.

Binti yangu Neema ana miaka 11 na anatumia mkono wa kushoto. Tunaishi baraksi ya polisi, na jioni watoto wa baraksi hawana kazi nyingine ila kwepena, mchezo wa kumlenga mwenzako kwa mpira naye akwepe, kwa hiyo kurusha anajua; anayelengwa naye haulizi kama amepigwa. Mke wa mwenzangu kazini ndiye aliyetuambia kuna vijana wanaofundisha besiboli kila likizo kwenye uwanja wa shule moja upande wa barabara ya Entebbe. Ada ni shilingi 150,000 kwa likizo nzima, posho, yaani ugali, na maharage ya mchana humo humo. Nauli ni juu yako, na ukitokea kwetu ni teksi mbili halafu boda. Mvua ikinyesha, wa boda ndiye anayepanga bei.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, besiboli nilikuwa naiona kwenye televisheni tu. Nilitarajia kukuta watoto wanapokezana gongo. Wapi! Magongo yalikuwa yamefungiwa kwenye gunia. Watoto walipiga goti moja chini, wawili wawili wakitazamana, wanarushiana mpira taratibu, na kocha anapita nyuma yao akiinua kila kiwiko kilichoshuka chini ya bega. Baadaye wakafundishwa kushika mpira: kidole cha shahada na cha kati vinakatiza mshono kwa juu, gumba linakaa chini. Ukiushika hivyo, mpira unakwenda ulikoutuma. Ukiushika ovyo, unajiendea.

Kisha miguu. Neema, kwa mazoea ya kwepena, alikuwa anarusha kwa ubavu, nguvu yote mkononi. Walimrudisha nyuma kabisa: mguu wa kulia utangulie kuelekea anakolenga, nyonga izunguke, bega lifuate, mkono uje mwisho kabisa. Ilichukua sehemu kubwa ya likizo na alinuna sana, kwa sababu mwanzoni alikuwa anakosa shabaha kuliko alivyokuja. Mwishoni mpira wake ulikuwa unafika mbali zaidi bila yeye kukunja uso.

Jambo lililonifanya nione hela yangu haikupotea ni kidude cha kubonyeza, kile cha kuhesabia watu mlangoni. Kocha msaidizi anakaa nacho pembeni, na kila mrushaji akimrushia mpigaji, anabonyeza. Kanuni za Little League, ligi ya watoto inayochezwa dunia nzima, zinamruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kumrushia mpigaji mara 85 kwa siku, wa miaka 9 na 10 mara 75, na akivuka 65 anapumzishwa siku nne. Hapa kambini wanasimamisha kwenye 50. Kuna mvulana mmoja alikuwa anawamaliza wapigaji mmoja baada ya mwingine, uwanja mzima unapiga kelele, hesabu ikafika. Kocha akaingia uwanjani, mkono kaunyoosha.

"Kochi, huyu mmoja tu!"

"Lete mpira."

Kijana akatoka analia. Baba yake, aliyekuwa amesimama karibu nami, akaanza kufoka kwamba wanamharibia mtoto siku. Kocha hakupandisha sauti. "Mzee, mfupa wa kiwiko chake bado unakua. Ukiumia pale, mimi sina dawa." Baadaye nilimuuliza anieleze vizuri. Akasema miisho ya mifupa ya mtoto ina sehemu laini ambayo bado haijakomaa, na kurusha kwa nguvu mara nyingi bila kupumzika kunaiumiza; wengine wanapoteza mkono kabla hata ya kuota ndevu. Ndiyo maana pia hawawafundishi wadogo kuupinda mpira. Wanafundisha wa kasi ulionyooka, na wa taratibu unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono ili mpigaji adanganyike. Basi.

Vifaa sasa. Glavu inavaliwa mkono usiorusha, kwa hiyo mtoto wa kushoto anahitaji glavu ya mkono wa kulia. Kambi nzima walikuwa nayo moja, na ni ya mtu mzima. Neema alionekana kavaa mto. Nikaenda soko la Owino, kwenye mitumba. Muuzaji alikuwa nayo chini ya rundo la mabegi, akaapa ni ya mafundi wa kuchomelea vyuma, akaanzia 60,000. Tukamalizana kwa 25,000. Ngozi ilikuwa kavu, haikunjiki. Kocha akamwambia Neema aipake Vaseline kidogo sana, aweke mpira katikati, aifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, alale nayo hivyo. Ikalainika polepole. Siku hizi Neema hamwachii mtu.

Mipira nayo inateseka. Ngozi ya mpira wa besiboli haikutengenezwa kwa ajili ya udongo wetu mwekundu na mvua, nyuzi zinafumuka, kwa hiyo wanaizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme. Wa utepe unafaa kudakia, lakini mshono umefunikwa, na mtoto aliyefundishwa asubuhi kuupapasa mshono mchana hana cha kupapasa. Nilipowaambia walikubali, wakasema mizima wanaitunza kwa mechi. Naelewa, ila ningependa mrushaji apewe mzima hata mazoezini.

Helmeti sielewi. Zilikuwa chache na kubwa. Nimeona mtoto anakimbilia kituo cha kwanza huku mkono mmoja umeshikilia helmeti isimfunike macho. Mpira una gramu 142 na ni mgumu, hili si jambo la kutatuliwa kwa kipande cha sponji walichokichomeka ndani baada ya sisi wazazi kulalamika.

Na lile bango: "Njia ya ligi kuu ya Marekani." Siwezi kusema njia haipo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, timu ya ligi hiyo, waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na timu nyingine ya ligi hiyo, Pittsburgh Pirates, nao wamewahi kumchukua Mganda David Matoma. Watoto wa Lugazi, mji wa hapa Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, na mwaka 2015 watoto wetu wengine wakawafunga Jamhuri ya Dominika 4-1 palepale. Dominika! Nchi inayotoa wachezaji wa ligi kuu kila mwaka. Lakini hao ni wa kuhesabika, na mzazi anayelipa ada kwa kukopa asiuziwe Dodgers. Binti yangu ndiyo kabisa, watoto wakikua na kuanza kutenganishwa, wasichana wengi hapa wanahamia softiboli, mchezo ndugu wa besiboli wenye mpira mkubwa zaidi. Makocha wenyewe hawasemi maneno ya bango. Aliyeliandika hajawahi kukaa pale uwanjani.

Kitu kimoja kwa mnaotaka kujiandikisha: beba cheti cha kuzaliwa. Kadi ya chanjo hawaipokei, na hapo nawaunga mkono ingawa foleni ya kukipata inachosha. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda mashindano ya kufuzu fainali hizo za Little League kule Poland, kisha Marekani ikawanyima viza kwa sababu karatasi za umri zilikuwa na utata. Watoto wakabaki nyumbani. Timu ya Kanada, kutoka Langley, waliyokuwa wakutane nayo, ndiyo ikaja kuwafuata huku Januari 2012.

Neema anarudi Disemba. Wazazi wanne wa baraksi tumechanga, tunanunua helmeti mbili za saizi ya watoto, na tumekubaliana zirudi nyumbani kila jioni.