Jambia la makomando "la 1943" lililonitoa pauni 160

Nililinunua kwenye maonyesho ya vitu vya kale vya kijeshi, huku Midlands, Uingereza. Ni Fairbairn-Sykes, jambia la makomando wa Uingereza wa Vita vya Pili vya Dunia, toleo la tatu. Muuzaji simtaji. Alisema liliteremka Normandy, pwani ya Ufaransa, katika uvamizi wa 1944, likiwa kiunoni mwa askari mwenyewe, nami nikaamini kwa kuwa nilitaka kuamini.

Sifa zake kwanza. Sisi wa Pwani tumezoea jambia la bwana harusi, pana na lililopinda. Hili ni jembamba, limenyooka, bapa lake inchi 7 hivi, makali huku na huku, ncha kama sindano ya kushonea magunia. Ni la kuchomea hasa. Ukilifungulia kopo ncha inakatika, ndiyo maana mengi ya zamani utayakuta yamefupishwa kwa tupa. Fairbairn na Sykes walikuwa polisi Shanghai kabla ya kufundisha makomando, na Wilkinson Sword, wafua panga wa London, wakaanza kuwatengenezea jambia hili 1941. Ya mwanzo yalikuwa na kikingio cha mkono kilichopinda kama herufi S na mpini wa shaba ya manjano. Kufikia toleo la tatu, mpini ukawa wa aloi ya kusubu, una pete pete toka juu hadi chini. Hauna uzuri wa ule wa shaba, lakini mkono wenye jasho hauutelezi.

Nyumbani, chini ya taa, nikafuta grisi kwenye kikingio. Likajitokeza neno ENGLAND. Wakusanyaji wengi wakiona hilo husema limetengenezwa baada ya vita, la kuuzwa nje. Nikaigeukia ala. Za vita zilikuwa na vipande vinne vya ngozi ubavuni, vya kushonea kwenye suruali, na askari wengi walivikata. Vyangu vizima, havijawahi kuguswa na sindano. Lastiki ya kushikia mpini nikaivuta, ikarudi tap! Lastiki ya miaka 80 ingekuwa imekufa kama kamba ya katani.

Nikampigia muuzaji. Akasema labda ala ilibadilishwa njiani. Na kikingio je? Simu ikakatika.

Jambia lenyewe lapata nyota tatu. Limetengenezwa vizuri, na kwa pauni 50 ningelinunua huku nikicheka. Muuzaji nampa moja, ya ile chai aliyonikaribisha.