Sahani 3 za Kichina za mnadani: nyundo pauni 180, nimelipa 282

Hizi sahani nimekaa nazo wiki tatu ndo naandika, nisije nikaandika na hasira. Naishi Uingereza lakini kwetu ni Lamu, na kwetu sahani ya Kichina si kitu kigeni, nyumba za zamani zilipangwa kwenye vidaka ukutani, na hata makaburi ya Kunduchi kule Dar walizipachika. Kwa hiyo nilipoona mnada mmoja wa mji mdogo huku unauza loti ya sahani 3 za Nanking Cargo, bluu na nyeupe, nikajisajili usiku uleule.

Kwa asiyejua, Nanking Cargo ni shehena ya Geldermalsen, meli ya Waholanzi iliyozama Januari 1752 ikitoka Canton, bandari ya China, na chai pamoja na vyombo. Michael Hatcher, mtafutaji wa meli zilizozama, akaiibua 1985, mwaka uliofuata Christie's, kampuni kubwa ya mnada, wakainadi Amsterdam, vyombo zaidi ya laki moja. Ile chai iliyooza ndo ilivilinda, vingi vimetoka baharini kama vya dukani, ila vilivyopigwa na maji ya chumvi vimefubaa, ukipitisha kidole unahisi kama ganda la yai. Zangu mbili zinang'aa, moja imefubaa, na zote bado zina kile kistika cha mnada wa Christie's nyuma, usije ukakisugua ukiosha maana hicho ndo cheti chako. Na jina la Nanking lisikuchanganye, vyombo vyenyewe ni vya Jingdezhen, mji mwingine wa China.

Haya, hela. Nyundo imegonga pauni 180, yaani bei ya mwisho mnadani, nikafurahi, kumbe wao wanaongeza kamisheni ya mnunuzi 25% na VAT juu ya hiyo kamisheni, hapo 54. Halafu ule mtandao niliopandia dau unakata 5% yake na VAT, 10.80. Mnada wenyewe haupaki wala hautumi, nikatafutiwa mtu wa kupaki, 38. Piga hesabu, 282.80. Haikufichwa, iko kwenye masharti, mimi ndo sikusoma, hilo nakubali.

Kupaki, aisee, yule jamaa ni fundi, boksi ndani ya boksi, kila sahani na karatasi yake, nampa nyota tano zote.

Kilichoniuma ni ripoti ya hali ya sahani. Waliandika zote nzima, uchakavu wa kawaida wa umri. Nikafanya kama bibi yangu alivyokuwa akinunua vyombo, unaiweka sahani juu ya ncha za vidole unagonga ukingo kwa ukucha. Ya kwanza ting, inalia mpaka inakwisha yenyewe. Ya pili ting. Ya tatu, ile inayong'aa kuliko zote, tak. Tak tu, kama unagonga ubao! Nikaishika mbele ya taa, ufa mwembamba kama unywele kutoka ukingoni hadi karibu na ua la katikati, nikaimulika na tochi ya ultravayoleti ya mwanangu, sehemu ya ukingo ikawaka rangi tofauti na kwingine, maana yake mtu ameziba na kupaka rangi juu. Sasa mtu anayeshika vyombo kila siku hakugonga hata mara moja?

Nimewaandikia na picha, jibu limekuja baada ya siku sita, eti vitu vinauzwa kama vilivyo na ripoti ni maoni tu. Lugha ya adabu, hela hamna.

Siwaambii watu wasinunue, mbili nzima nazipenda mno na dukani ningelipa zaidi. Huduma nawapa nyota 2, sahani nazipa nyota 4. Juzi wameweka bakuli lenye nje ya kahawia, ile wanaita Batavia, nikawauliza kwa maandishi maswali matatu kabla ya kupanda dau: kipimo, kama lina kistika, na likigongwa linalia vipi. Wamejibu mawili ya kwanza. Sikupanda dau.