Kopo la alumini la vinywaji: tathmini ya chombo kinachopaswa kurudi tanuruni

Kopo la kinywaji kwa kawaida husifiwa kwa namna linavyohifadhi ladha na ubaridi, na kwa vigezo hivyo kopo la alumini halina shida: halipitishi mwanga wala hewa, halivunjiki, na lile la mililita 330 likiwa tupu lina uzito wa gramu 13 hivi tu. Hapa nalipima kwa kigezo kingine ninachokiona kizito zaidi, yaani kinachotokea baada ya kinywaji kwisha, kwa sababu hapo ndipo chombo hiki hujikomboa au huwa hasara kubwa kwa mazingira.

Hasara hiyo huanzia mgodini. Ili kupata tani moja ya alumini mpya huchimbwa takriban tani nne hadi tano za boksiti, yaani madini yenye alumini, mara nyingi kwa kukwangua udongo wa juu pamoja na msitu ulioota juu yake. Boksiti hiyo huchakatwa kwa kostiki soda ili kutoa alumina, yaani alumini iliyoshikamana na oksijeni, na yanayobaki ni tope jekundu linalounguza ngozi. Mwezi Oktoba 2010 bwawa la tope kama hilo lilipasuka karibu na mji wa Ajka nchini Hungaria, likafurika vijijini na kuua watu 10.

Kisha hufuata hatua inayokula umeme kuliko zote. Njia iliyogunduliwa mwaka 1886 na Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, ndiyo inayotumika hadi leo: alumina huyeyushwa ndani ya kriolaiti, aina ya chumvi iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 960 hivi za Selsiasi na kupitishiwa umeme, na kila tani ya alumini hugharimu takriban kilowati-saa 13,000 hadi 15,000. Vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme huo huliwa polepole na kugeuka kaboni dioksaidi.

Kopo lililokwisha kutumika huruka hatua hizo zote, na kulirejeleza huokoa takriban asilimia 95 ya nishati. Ni kweli kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, lakini akiba hiyo haitokani na tofauti ya joto pekee. Umeme mwingi wa kiwanda hutumika kuitenganisha alumini na oksijeni iliyoshikamana nayo ndani ya madini, na kazi hiyo ikishafanyika mara moja haina haja ya kurudiwa. Metali yenyewe haichoki kama nyuzi za karatasi, ambazo hufupika kila zinaporudi kiwandani. Kopo la leo linaweza kuwa kopo tena, na tena.

Ukilikata kwa mkasi utaona kwamba ukuta wake una unene wa sehemu moja hivi ya kumi ya milimita, huku kifuniko kikiwa kinene na kigumu zaidi. Mwili umechanganywa na manganizi na kifuniko kina magnesiamu nyingi zaidi, kwa hiyo vikiyeyushwa pamoja, mchanganyiko hulazimika kurekebishwa kabla ya kutengenezwa bati jipya. Ndani kuna utando mwembamba unaozuia kinywaji kugusa metali. Utando huo pamoja na rangi ya nje huunguzwa kabla ya kuyeyusha, na kiwanda kisichochuja moshi wake hakistahili kusifiwa hata kama kinarejeleza kwa wingi. Kishikio cha kufungulia kinachobaki koponi, kilichoanza kutumika miaka ya 1970, nakipa alama za juu, kwani vile vya zamani vilivyong'olewa vilitupwa ovyo na kukata watu miguu.

Wembamba huo una udhaifu wake. Kopo likichomwa pamoja na takataka, sehemu ya metali huungua na kugeuka oksaidi isiyo na faida kwa myeyushaji. Hata hivyo, kopo bado ni bora mno kuliko pakiti zinazong'aa kwa ndani, ambamo utando wa alumini umegandishwa na plastiki na kuutenganisha ni kazi ngumu.

Uamuzi wangu, basi, una sharti. Mahali ambapo makopo hukusanywa kwa uhakika, ningelinunua bila kusita. Mahali ambapo huishia jalalani, chupa ya kioo inayorudishwa na kujazwa tena ni chaguo bora zaidi. Anayelinunua alimwage lote hadi liwe tupu, na akilitilia shaka alijaribu kwa sumaku, kwani kopo la chuma hunasa na la alumini halinasi. Kuliponda hupunguza nafasi kwenye gunia, ila panapotumika mashine inayosoma alama za mistari ili kurudisha amana, yaani fedha ya dhamana iliyolipwa wakati wa kununua, libaki na umbo lake.